Nameza tembe nne za kupanga uzazi kila siku ili mwili ubadilike. Je, zitaniua?

"Daktari, mimi ni mwanamke trans, yaani nilizaliwa na mwili wa kiume, miaka 26, niko Mombasa. Zaidi ya mwaka sasa nameza tembe za kupanga uzazi, zile za bei rahisi za kemisti, nilianza na mbili kwa siku nikaongeza hadi nne juu niliona kifua kimesimama hakiendelei. Mwezi uliopita rafiki akanichoma Depo, ile sindano ya kupanga uzazi, akasema itaharakisha. Navuta sigara, kama kumi hivi kwa siku. Niliwahi kwenda hospitali kuuliza, daktari akaniambia huo ni ugonjwa wa akili nitafute maombi, sikurudi tena. Juzi nimetoka Nairobi na basi la usiku, tangu nishuke shavu la mguu wa kushoto linauma na limejaa kidogo. Sitaki kuacha, nikiacha nitarudi kule nilikokuwa na kule sirudi. Lakini naogopa. Halafu kuna mdogo wangu wa mtaani ana miaka 19 anataka nimuanzishie na yeye. Niambie ukweli, hizi dawa zitaniua? Na kama naendelea mwenyewe bila daktari, kuna njia ya kufanya nisife?"

Dadangu, nitajibu yote, lakini huo mguu kwanza, na naomba usome hapa kisha uvae viatu utoke. Mguu mmoja tu kati ya miwili, shavu linauma na limejaa, baada ya kukaa kwenye basi masaa nane tisa, kwa mtu anayemeza estrojeni (homoni ya kike) nyingi na anavuta sigara, hiyo mimi naichukulia ni damu imeganda kwenye mshipa wa ndani mpaka vipimo viseme sivyo. Inaweza kuwa msuli umejikaza tu, na ningefurahi sana iwe hivyo, lakini kwa macho huwezi kujua, hata mimi siwezi, inajulikana kwa altrasaundi ya mishipa ya mguu. Kwa hiyo usiukande, usiusugue na mafuta ya moto, usimwite mtu akuvutevute, na tembe usimeze hata moja mpaka uonwe. Nenda leo, sio Jumatatu. Na kama utaanza kukosa pumzi, au kifua kinachoma ukivuta hewa, au unakohoa damu, au moyo unakwenda mbio na kichwa chepesi kama unataka kuzirai, hapo bonge linaweza kuwa limeshafika kwenye mapafu, tafuta gari wakati huo huo hata kama ni saa nane usiku.

Ukifika pale, huna haja ya kumsimulia askari wa getini maisha yako wala anayeandika majina. Sema maneno matatu tu: mguu mmoja umevimba baada ya safari ndefu, natumia dawa yenye estrojeni, naogopa damu imeganda. Yatatosha kukuvusha foleni. Daktari atakayekushika ndiye umwambie jina la tembe, ngapi kwa siku, sigara ngapi, na Depo ilichomwa lini, umwambie kweli tupu maana akidhani wewe ni kijana tu aliyeumia mpirani atakupa dawa ya maumivu akurudishe nyumbani. Nenda na mtu unayemwamini, mtu mwenye mdomo. Na ujue Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inasema mtu hanyimwi matibabu ya dharura, haikuweka masharti ya umevaa nini au kitambulisho chako kina jina gani. Hiyo unaweza kuitamka pale pale kaunta kwa heshima na kwa sauti.

Sasa tukae tuongee.

Hilo la ugonjwa wa akili linanikera kwa sababu limetoka kwa mwenzangu wa kazi na limekufukuza mahali ambapo ungepimwa presha na damu mwaka mzima uliopita. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya kuwa trans kwenye orodha ya magonjwa ya akili. Orodha mpya ilipitishwa Mei 2019 na ikaanza kutumika Januari 2022, na imeiweka kwenye sura ya mambo ya afya ya kujamiiana, ili mtu aweze kuhudumiwa bila kuitwa mwendawazimu. Aliyekwambia vile alikuwa nyuma ya vitabu vyake mwenyewe. Kwa hiyo sikuandikii kukushawishi uwe mtu mwingine. Mwili ni wako na uamuzi wa kuutengeneza ni wako, una miaka 26. Kazi yangu ni kuhakikisha unaamua ukijua kilichoko ndani ya ile pakiti, maana nikisoma maelezo yako naona hujawahi kuambiwa.

Unauliza hizi dawa zitaniua? Jibu langu ni kwamba estrojeni kama estrojeni sio sumu, kuna wanawake trans wengi duniani wanaitumia miaka na miaka chini ya uangalizi na wanazeeka vizuri. Lakini ile estrojeni uliyochagua wewe, kwa kiasi unachomeza, pamoja na sigara, hiyo kwa kweli ni miongoni mwa njia mbaya kabisa za kufanya jambo hili. Watu wanaweka "homoni" kapu moja, ukisikia fulani alikufa kwa homoni au fulani anaendelea poa na homoni huwezi kujua lolote mpaka uulize homoni gani.

Tembe za kawaida za kupanga uzazi, mfano Microgynon na wenzake, zina vitu viwili ndani, ethinilestradioli na levonogestreli. Ethinilestradioli ni estrojeni iliyotengenezwa maabara, sio ile ambayo mwili wa mwanamke unaitoa. Ile ya mwili inaitwa estradioli. Tofauti yao kwenye karatasi ni kipande kidogo tu kilichobandikwa pembeni, lakini kile kipande ndicho kinachozuia ini lisiivunje haraka, na ndio maana tembe ndogo ya maikrogramu 30 inatosha kumzuia mwanamke asishike mimba. Uzuri wake ndio ubaya wake. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na ethinilestradioli ikikaa pale inalisukuma litengeneze nyingi zaidi, huku zile protini za kuzuia damu isigande ovyo zikilegea. Damu yako inakuwa tayari tayari kuganda, inasubiri sababu tu. Sababu inaweza kuwa safari ndefu umekunja magoti, kulazwa, upasuaji, kuharisha ukakauka maji.

Mwanamke anayemeza moja kwa siku ana hatari ndogo, kweli iko lakini ni ndogo, na anaipima dhidi ya mimba ambayo nayo inagandisha damu kuliko tembe. Wewe unameza nne. Nne mara 30 ni maikrogramu 120. Naomba uikumbuke hiyo namba, maana kule Amsterdam, hospitali ya chuo kikuu iliyokuwa inahudumia watu trans miaka mingi, zamani walikuwa wanawapa wanawake trans ethinilestradioli maikrogramu 100 kwa siku pamoja na dawa ya kuzima testosteroni, homoni ya kiume. Mwaka 1989 wakachapisha walichokiona kwa wagonjwa wao 303: damu kuganda kulitokea mara 45 zaidi ya ilivyotarajiwa kwa watu wa umri ule. Mwaka 2003 wenzao wa huko huko wakalinganisha damu za waliotumia ethinilestradioli na za waliotumia estradioli ya kawaida, wakaona ile ya kwanza ndiyo inayovuruga mfumo wa kuganda, ya pili kidogo sana. Leo miongozo yote mikubwa inakataza ethinilestradioli kwa watu trans, hata pale ambapo mtu ana daktari, maabara na bima. Wewe chumbani kwako Mombasa, bila kipimo hata kimoja, uko juu ya dozi ambayo wataalamu wenye kila kitu waliiacha kwa hofu. Sijasema hivi kukulaumu, hakuna aliyekwambia na ile karatasi ya ndani ya pakiti haikuandikwa kwa ajili yako.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hatari yote hiyo hata haikupi unachokitafuta. Levonogestreli iliyoko mle inafanana kidogo na homoni ya kiume katika baadhi ya kazi zake, watu wengine wanapata chunusi na ngozi ya mafuta, na wewe unaimeza mara nne. Halafu angalia pakiti yenyewe, nyingi zinazouzwa huku zina tembe 28 na zile 7 za kahawia za mwisho ni madini ya chuma tu, hazina homoni hata chembe. Nimeona watu wanazimeza zote kwa zamu hivyo hivyo, kwa hiyo siku kadhaa homoni iko juu mawinguni halafu siku moja au mbili hakuna kitu, wenyewe wanashangaa mbona hasira, mbona machozi, mbona joto.

Kifua kusimama pia kuna maelezo yake. Matiti huanza kuota miezi mitatu hadi sita, kisha yanaendelea taratibu mpaka miaka miwili au mitatu, na ukubwa wa mwisho unategemea sana damu ya kwenu, kama ilivyo kwa dada zako. Kuna miezi yanatulia kabisa halafu yanaendelea. Kuongeza dozi hakuyaharakishi, kilichoongezeka pale ni hatari tu. Ngozi kulainika, mafuta kuhamia nyonga, msuli kupungua, haya ni ya miezi na miaka. Sauti haitabadilika kwa tembe yoyote duniani, ilishashuka na kamba zimeshanenepa, hiyo ni mazoezi ya sauti. Ndevu zitapungua kasi lakini hazitaondoka. Nakwambia mapema ili usije ukameza ya tano kwa ajili ya sauti.

Kuna mambo mawili matatu yanazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, naomba tuyamalize. La kwanza, eti estrojeni ikizidi mwili unaigeuza kuwa testosteroni. Sio kweli, mwili unaweza kugeuza testosteroni kuwa estradioli lakini kurudi nyuma hauwezi. La pili, eti lazima umeze nyingi ili "zishinde" testosteroni kwa nguvu. Haifanyi kazi hivyo. Fikiria boya la tangi la maji: maji yakifika juu boya linainuka na kufunga bomba lenyewe. Ubongo unapima homoni za jinsia kwenye damu, ukiona zinatosha unaacha kutuma ile amri inayoziambia korodani zifanye kazi, testosteroni inashuka yenyewe. Kiasi cha kutosha kinafunga, kinachozidi hapo hakifungi zaidi. La tatu, eti ukishatumia homoni huwezi kumpa mtu mimba. Unaweza, mbegu zinapungua lakini watu wameshtukizwa.

Depo sasa. Ile sindano ya miezi mitatu haina estrojeni kabisa, ina homoni ya aina nyingine, projestini, inayoitwa medroksiprojesteroni. Kweli itashusha testosteroni yako kwa muda, kwa hiyo rafiki yako hakuota ndoto, lakini matiti haioti, na ikishaingia haitoki, ukipata madhara utakaa nayo mpaka iishe. Wengine inawanenepesha na kuwaangusha moyo, na ikitumika muda mrefu inapunguza uimara wa mifupa. Juu ya tembe nne haikuwa na sababu. Usirudie sindano ya pili. Na ile sindano yenyewe, natumaini ilikuwa mpya kutoka kwenye karatasi yake, kama haikuwa basi ongeza kipimo cha virusi vya ukimwi na homa ya ini B na C kwenye orodha nitakayokupa hapo chini.

Mtego mwingine ni huu, na hata waliosoma wanauingia. Ukienda maabara ukapima estradioli wakati unameza tembe za uzazi, jibu litarudi chini, kwa sababu kile kipimo kinatafuta estradioli ya kawaida na hakiioni ethinilestradioli. Mtu anaona namba ndogo, anasema kumbe sijafika, anaongeza tembe. Kama kuna aliyewahi kukwambia "viwango vyako vya homoni viko chini ongeza", huenda ndiyo ilivyotokea.

Sigara kumi kwa siku na ethinilestradioli haviishi nyumba moja. Sigara inaharibu kuta za mishipa, estrojeni inaifanya damu igande, na kinachofuata kinaweza kuwa kiharusi au moyo, sio mguu tu. Kama kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji daktari, hakihitaji pesa na hakuna wa kukucheka, ni hicho. Shisha usiniambie ni afadhali, si afadhali. Mogoka, ile aina ya miraa, nayo inapandisha presha na mapigo ya moyo, kama unatafuna ukesha ukikaa hiyo nayo ipunguze.

Tuje kwenye njia zilizopo, na hapa nitakuwa muwazi.

Ya kwanza ndiyo nzuri, kupata daktari au klinika inayojua kazi hii. Kwenye miji mikubwa ya Kenya ziko, chache, na njia ya kuzipata mara nyingi ni vikundi vya watu trans wenyewe au vile vituo vya DICE vinavyohudumia watu kwa ajili ya ukimwi. Najua tangu pesa za Marekani zikatwe mwanzoni mwa 2025 vituo vingi vimefunga au vimepunguza huduma, kwa hiyo piga simu kabla hujapanda matatu. Lakini hata kama hupati mtaalamu wa homoni, hauhitaji mtaalamu wa homoni kwa kila kitu. Daktari yeyote wa kawaida mwenye moyo mzuri anaweza kukupima presha na damu na kusoma mwongozo, miongozo iko wazi kwenye intaneti, ule wa wataalamu wa homoni wa Marekani wa 2017 na ule wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu trans, wa 2022. Mwulize mlango kwa mlango kwa swali moja: "Niko kwenye estrojeni, utakubali kunifuatilia vipimo?" Akikataa hujapoteza kitu.

Ya pili ni kuendelea mwenyewe. Sitakudanganya kwamba ni salama, wala sitajifanya watu hawafanyi, wanafanya, na mimi napenda zaidi kumwona anayefanya akiwa hai. Tofauti kubwa kuliko zote ni kuachana na ethinilestradioli moja kwa moja na, kama mguu wako ni mzima, kutumia estradioli, ile ile wanayopewa wanawake waliokoma hedhi. Iko ya tembe, iko ya kubandika au kupaka kwenye ngozi, iko ya sindano. Ya ngozi ndiyo yenye hatari ndogo ya kugandisha kwa sababu haipiti kwenye ini kwanza, inaingia kwenye damu moja kwa moja, ila ni ghali, na joto la Mombasa na jasho vinabandua vile vibandiko. Ya sindano inataka sindano mpya kila mara na chupa ambayo unajua imetoka wapi, na zile zinazouzwa mitandaoni bila lebo inayosomeka mimi nisingeziingiza mwilini mwangu. Dozi sitaiandika hapa, na sio kwa sababu nakuficha, ni kwa sababu dozi inakatwa kwa presha yako, ini lako, historia ya huo mguu na namba za damu. Ninachoweza kukupa ni shabaha ambayo madaktari wanalenga: estradioli kati ya 100 na 200 kwa kipimo cha pikogramu kwa mililita, na testosteroni chini ya 50 kwa nanogramu kwa desilita. Ukizidi pale hupati uzuri wa ziada.

Watakwambia uongeze dawa ya kuzima testosteroni. Inayopatikana zaidi huku ni spironolaktoni, dawa ya presha na moyo. Inasaidia, lakini inabakisha potasiamu mwilini, na potasiamu ikipanda sana moyo unasimama bila kukupa taarifa. Kwa hiyo hainywewi bila kupima figo na potasiamu kabla, na tena wiki chache baada ya kuanza. Na hapa Pwani nina la kusema: madafu yana potasiamu nyingi, glasi moja sio neno lakini ukiwa kwenye dawa hii na unapiga matatu manne kwa siku kwa sababu ya joto, hilo ni tatizo. Septrin, ile watu wengi wanaoishi na virusi wanapewa kila siku, nayo inapandisha potasiamu, zikikutana mbili ni hatari ya kweli, mwambie anayekuandikia. Brufen ya mara kwa mara pia inabana figo. Nyingine ni sayproteroni, ina nguvu sana, na kwa dozi kubwa ya muda mrefu imehusishwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo, ndio maana mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema kiasi cha miligramu 10 na kuendelea kitumike tu pale njia nyingine zimeshindwa. Pakiti za zamani zilizojaa mitaani ni za 50, mtu anameza nzima nzima. Usiingie huko peke yako.

Vipimo vyenyewe ni hivi na vingi viko kwenye maabara yoyote ya mtaani bila barua: presha, damu kamili, ini, figo pamoja na potasiamu, sukari na mafuta ya damu, estradioli na testosteroni. Mwaka wa kwanza kila miezi mitatu, baadaye mara moja au mbili kwa mwaka. Kama pesa hazitoshi zote, anza na presha, figo na potasiamu, na ini, homoni zenyewe zinaweza kusubiri mwezi. Andika majibu kwenye daftari, siku ukipata daktari hilo daftari lina thamani kuliko maelezo ya mdomo.

Ya tatu ni kupumzika kwanza. Umesema hutaki na nimesikia. Lakini nakuondolea hofu moja: ukisimama wiki chache mguu ukipimwa, mwili haufi kwa kukosa homoni maana korodani zipo na zitaanza tena kazi polepole, na matiti uliyonayo hayarudi ndani. Kitakachouma ni moyo. Wiki ya pili ya tatu watu wanazama, wanalia, wengine wanafikia mawazo ya kujidhuru. Kwa hiyo usisimame kimya kimya, mwambie mtu mmoja unayelala naye nyumba moja au anayekupigia kila siku, na mawazo ya kufa yakija hiyo nayo ni dharura sawasawa na mguu. Na kama altrasaundi ikikuta damu imeganda kweli, utapewa dawa za kuzuia kuganda, kwa kawaida miezi mitatu au zaidi, na hapo mambo ya estrojeni yanaamuliwa na daktari sio na wewe wala na mimi kwa maandishi. Haimaanishi ndio basi maisha yote, kuna watu wamerudi kwenye estradioli ya ngozi wakiwa chini ya uangalizi, lakini kujirudisha mwenyewe baada ya bonge la kwanza ni jambo ambalo siwezi kulitafutia neno laini.

Ishara nyingine za kukufikisha hospitali mbio, mbali na zile za mapafu: uso kupinda au mkono kulegea ghafla, maneno kugoma kutoka, kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa, kuona nusu, macho kuwa manjano. Na kama una kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, useme kabla ya estrojeni yoyote, hao hatari yao ya kiharusi iko juu.

Kama unatumia dawa za virusi vya ukimwi au PrEP, ile ya kujikinga usiambukizwe, usiache hata siku moja kwa hofu ya kwamba zinagombana na homoni. Dolutegraviri haina ugomvi na estradioli. PrEP inafanya kazi, ila wewe uliye kwenye estrojeni ni ya kila siku, ile ya kumeza kabla na baada ya tendo tu Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza kwa wanaotumia estrojeni. Na watoto, hata kama leo husemi hilo, ujue mbegu zinaweza zisirudi baada ya miaka ya homoni, anayetaka mtoto wa damu yake afikirie kabla.

Kwa kaka zetu trans wanaosoma hapa na wanapata testosteroni kutoka jimu, ya kwenu ni hesabu nyingine: damu inakuwa nzito kwa chembe nyekundu kuzidi, kwa hiyo damu kamili ni lazima, sindano hazishirikiwi, na hedhi kukoma sio kinga ya mimba.

Huyo mdogo wako wa miaka 19, usimuanzishie. Simwoneshi kidole kwamba hajui anachotaka, huenda anajua vizuri kuliko sote, lakini wewe hujui kama kwao kuna mtu aliyewahi kuganda damu, kama ana kipandauso, kama ini lake ni zima, na pakiti utakayomgawia ni ile ile ninayokuomba uitupe. Mpeleke akapimwe presha na damu kwanza, hiyo peke yake atajiona amesikilizwa. Mwambie ukweli kuhusu miezi na miaka, kuhusu sauti, kuhusu mbegu. Muulize pia kama ameanza tayari kwa siri, maana vijana wakiona dada mkubwa anameza nne wao wanameza nne wiki ya kwanza, na P2, ile tembe ya dharura ya kuzuia mimba, juu yake wakidhani nayo ni homoni ya kike, wakati ni levonogestreli tupu, haina estrojeni yoyote. Kama ameanza, akomeshe leo hii, na aje na wewe hospitali kwenye safari hiyo hiyo ya mguu, mtapimwa presha wote wawili.